Kuinua Prado 90 inchi mbili uani, Tanga: shajara ya kazi

Jumamosi, 7 Septemba 2024. Kabla ya kununua

Gari ni Prado KZJ95 (moja ya zile tunazoziita Prado 90) ya mwaka 1997, injini 1KZ-TE ya dizeli, lita 3.0. Linalala Sahare, karibu kabisa na bahari. Siku za kazi linazunguka mjini, wikiendi linapanda Muheza kwenda shambani njia ya Amani na kurudi na machungwa au viungo kulingana na msimu. Springi za nyuma zimechoka. Nikipakia magunia manne, nyuma inakaa na taa za mbele zinamulika minazi.

Nataka inchi mbili, yaani milimita 50, na si zaidi. Prado hii inaendesha magurudumu yote manne muda wote, haina habu za kufungua, kwa hiyo sivijointi za mbele (viungo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) zinazunguka na mzigo hata ukiwa kwenye lami ya Chumbageni. Kila unavyoinua, pembe yake inazidi. Kwa milimita 50 zinavumilia. Ukitaka 75 au 100 jiandae na mikono mipya ya juu (mikono ni vyuma vinavyoshika gurudumu kwenye chasisi) na kushusha difu ya mbele, na hapo si kazi ya uani tena.

Mtaani njia inayopendwa ni zile raba za kupachika katikati ya mizunguko ya springi. Ni za bei ndogo na zinainua kweli, lakini mzunguko ulioshikwa na raba haufanyi kazi tena, mzigo wote unahamia kwenye iliyobaki. Kwenye springi ya miaka 27 sikuona maana. Spesa, yaani kipande cha kuongeza urefu, juu ya shokapu ni afadhali, ila haifufui springi iliyolala. Nimeamua kubadilisha springi na shokapu zote.

Na kabla mtu hajatumia fedha yake: springi hazinyanyui difu ya nyuma hata kidogo. Ekseli ya nyuma ni moja nzima, urefu wake kutoka ardhini unaamuliwa na tairi peke yake. Springi zinanyanyua bodi, chasisi, tenki na ngazi za pembeni. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, difu inapata 13, na mshale wa spidi ukisoma 80 unakuwa unakwenda karibu 83. Mimi nabaki na tairi zangu, bado mpya.

Vipimo vya leo, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi (usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya): mbele kulia 478, mbele kushoto 486, nyuma kulia 502, nyuma kushoto 507.

Jumamosi, 14 Septemba. Vifaa

Mzigo umeshuka na basi la Dar. Springi nne, shokapu nne na raba zake, 2,850,000. Usafiri 45,000. Za mbele niliagiza za injini ya dizeli kwa kuitaja, maana za petroli zina umbo lilelile na ukifungiwa pua itakaa chini. Za nyuma nimechukua za mzigo wa kati. Muuzaji alitaka kunipa za mzigo mkubwa. Nikamwambia magunia nabeba mara moja kwa wiki, siku nyingine zote nabeba mke wangu na watoto, na springi ngumu gari likiwa tupu inahesabu mashimo yote kuanzia Sahare hadi sokoni.

Nimeongeza boli jointi za chini, yaani viungo vya duara vinavyoshika gurudumu kwenye mkono wa chini, jozi 340,000. Hizi hazimo kwenye seti yoyote ya kuinua, ila kwenye Prado 90 usifungue mbele bila kuziangalia. Zimefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unazivuta zitoke badala ya kuzisukuma ziingie. Ikichoka inachomoka, na gurudumu linajikunja ndani ya madigadi. Zangu zilikuwa na mchezo unaoonekana kwa macho.

Ua wetu ni mchanga. Stendi ya jeki ukiiweka kwenye mchanga inaanza kuzama taratibu na hutaiona hadi gari linaegemea. Nimekata mbao za mninga, unene inchi mbili, moja chini ya kila stendi na moja pana chini ya jeki. Stendi zinashika chasisi, mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Gari likishapanda, mpwa wangu analisukuma kwa bega kutoka kila upande kabla mtu hajaingiza kichwa. Likiyumba, linashushwa tunaanza upya.

Bolti zote zimenyunyiziwa mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Tikisa kila mara, vinajitenga.

Jumamosi, 21 Septemba. Mbele

Kufungua kwenyewe hakuna hadithi. Linki za stabilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili, kalipa pembeni na kufungwa kwa waya kwenye chasisi (isining'inie kwa mpira wa breki), boli jointi ya juu, bolti ya chini ya shokapu, kisha nati tatu za juu. Nati ya katikati haiguswi. Hiyo ndiyo inayoizuia springi isiruke, na springi iliyobanwa ikiachia uani hakuna wa kuulizana naye.

Kwa sababu hiyohiyo sikutumia vibanio vya mkono vya springi. Shokapu zimepelekwa Ngamiani kwenye karakana yenye presi ya ukutani, kubana na kubadilisha 20,000 kila upande.

Ya kulia ilirudi sawa. Ya kushoto ilirudi na sahani ya juu imezungushwa vibaya: bolti tatu zikiingia kwenye matundu ya bodi, sikio la chini linatazama pembeni na bolti yake haipiti. Huwezi kulizungusha kwa mkono, springi imelishika. Fundi mmoja pale jirani alishauri tuingize bomba tupinde kwa nguvu. Hapana. Raba ya sikio ingekatika siku ileile. Ilirudi kwenye presi, ikalegezwa, ikazungushwa, ikafungwa tena bila malipo. Dawa ni ndogo: kabla ya kupeleka, chora mstari wa rangi nyeupe kuanzia sahani ya juu, kupita springi, hadi sikio la chini, na umwambie anayebana afuate mstari. Springi mpya haina mstari, lakini sahani na sikio vitakuwa navyo.

Boli jointi za chini zimeingia. Bolti zote zenye bushi ya raba (raba yenye bomba la chuma katikati, bolti inapita humo) nimeziacha zimelegea kidogo. Hizo zinakazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwani ukikaza mguu ukining'inia, raba inashikwa ikiwa imejikunja, inapasuka mapema na inalinyima gari urefu wake halisi.

Jumamosi, 28 Septemba. Nyuma

Nyuma ni rahisi kuliko mbele kwa mbali. Stendi kwenye chasisi, jeki chini ya difu, shokapu nje, linki za stabilaiza nje, fimbo ndefu inayoizuia ekseli isiende kushoto na kulia ifunguliwe upande mmoja, kisha jeki inashushwa polepole. Macho yawe kwenye mpira wa breki na mpira mdogo wa kupumulia wa difu, hivyo viwili ndivyo vinavyovutika kwanza. Springi ya zamani ilitoka kwa mkono. Mpya inaingia ncha yake ikikaa kwenye kitako chake, usifunge kabla hujaigusa kwa kidole kuhakikisha.

Ekseli imesogea pembeni milimita 6 baada ya kuinua. Ni kawaida, ile fimbo imebadilika pembe. Kuna fimbo za kurefusha, lakini kwa milimita 6 sitoi fedha.

Kilichonishtua ni breki. Jioni nilizunguka mtaani, nikakanyaga kidogo kwa nguvu kwenye kipande cha mchanga, pua ikazama na nyuma haikushika kabisa. Kosa halikuwa kwenye breki. Chini ya gari, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali yenye fimbo nyembamba iliyounganishwa na ekseli. Inapima mzigo kwa urefu wa gari: likikaa chini inajua limebeba, inapeleka nguvu nyingi nyuma, likiwa juu inajua ni tupu, inapunguza. Ukiinua bodi milimita 50 umeidanganya kwamba gari ni tupu daima, hata ukiwa na magunia. Maelezo yaliyokuja na seti hayakutaja neno.

Dawa: kuinua kishikio cha fimbo upande wa ekseli kwa kiasi kilekile bodi ilichopanda. Fundi wa kuchomelea alikata bamba, akatoboa, akaongeza urefu wa 50, shilingi 10,000. Jaribio la pili, magurudumu ya nyuma yanaacha alama kwenye mchanga kama zamani.

Vipimo: mbele kulia 531, kushoto 541. Nyuma 558 na 561. Kulia mbele pako chini kwa milimita 10, nitarudi hapo.

Jumatatu, 30 Septemba. Alaimenti, na habari mbaya

Nimekwenda taratibu, usukani ukivuta. Gari likiinuliwa, kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma) inapungua, kemba (gurudumu kuinamia ndani au nje) na mwelekeo wa magurudumu vinabadilika. Hakuna namna ya kukwepa mashine. Marekebisho yanafanywa kwenye bolti nne za mikono ya chini, mbili kila upande, zenye sahani isiyo duara kamili kichwani. Ukizungusha bolti, mkono unasogea ndani au nje.

Upande wa kulia zilizunguka zote mbili. Kushoto, hakuna. Fundi akalala chini ya gari, akajaribu, akatoka anafuta mikono: "Kaka, hizi hazijaguswa tangu zitoke Japani. Mimi nikizilazimisha nitakata kichwa, halafu tutagombana bure." Alinidai 50,000 ya kupima na kuahidi mara ya pili haitalipiwa. Mtu mwungwana.

Unaweza kulipima hili uani kabla hujanunua hata springi moja. Legeza nati, tia spana kwenye kichwa, zungusha. Ikizunguka na kubaki pale ulipoiacha, ni nzima. Ikizunguka robo kidogo halafu ikajirudisha yenyewe, imeshikana na bomba la ndani la bushi, na unachokisikia mkononi ni raba inayojinyonga. Gari lililokaa ukanda wa pwani lipime hivyo kwanza. Upepo wa bahari unaingiza chumvi kwenye upenyo kati ya bolti na lile bomba, na humo kutu haioshwi na mvua wala kusuguliwa na chochote. Kwa nje bolti zangu za kushoto zilikuwa safi kuliko za kulia.

Jumamosi, 5 Oktoba. Kukata

Wiki nzima ya mafuta ya kulegeza, asubuhi na jioni. Nyundo ya kilo mbili kwenye ncha ya bolti, nati ikiwa imerudishwa juu ili kulinda meno. Bomba la mita moja kwenye spana. Kichwa kinazunguka, kinarudi.

Shemeji yangu, ambaye amefanya kazi kwenye malori, akaja na mtungi wa gesi. "Tia moto tu shemeji, itaachia." Tukatia. Chuma kilikuwa hakijaanza hata kuwa chekundu, raba ya bushi ikashika moto, moshi mweusi mzito na harufu iliyowatoa majirani nje. Tulizima kwa mchanga. Bolti haikusogea. Moto unafaa kwenye nati iliyogoma. Kwenye bolti iliyo ndani ya bushi unachoma kitu kilekile ulichotarajia kukiokoa. Ingawa, kusema haki, bushi zilikuwa lazima zife.

Kwa hiyo grainda. Utaratibu uliofanya kazi ni huu. Shokapu ya kushoto ikatoka tena, ili mkono usiwe na nguvu yoyote ya springi. Jeki ndogo chini ya mkono usianguke. Kipande cha bati kikaingizwa kati ya eneo la kukata na ile raba yenye mikunjo ya usukani, na tambara bichi juu ya mpira wa breki, kwa sababu cheche zinakwenda zinakotaka. Diski nyembamba ya milimita 1 inaingia katika upenyo kati ya bushi na kishikio cha chasisi, mara mbili kwa kila bolti, upande wa kichwa na upande wa nati. Jihadhari usile kishikio. Hicho ni chasisi, kikiliwa, gari limeliwa.

Diski ya inchi nne na nusu haifiki hadi mwisho. Nusu ya ndani ya kila bolti ilimaliziwa na wembe wa msumeno wa chuma uliozungushiwa kitambaa, mpwa wangu na mimi tukipokezana. Diski zimekwisha nyingi, jumla 24,000. Bolti ya mwisho ilikatika saa ya Magharibi. Mkono ulipotoka, nilikigonga chini kile kipande kilichobaki ndani ya bushi: unga mwekundu ukamwagika, na kati ya bolti na bomba hakukuwa na mpaka, vilikuwa chuma kimoja.

Jumamosi, 12 Oktoba. Kurudisha

Nimenunua bolti nne mpya na sahani zake, 95,000 moja, jumla 380,000. Kulia zilikuwa zinazunguka, lakini meno yameanza kuliwa na sikutaka kuirudia kazi ile. Bushi nne 160,000. Kutoa za zamani na kuingiza mpya kwa presi, Makorora, 40,000. Tahadhari moja tu: angalia bushi imeingia kutoka upande upi kabla ya kuitoa, na umwambie fundi, kwa sababu ya mbele na ya nyuma hazifanani.

Grisi ya shaba, kopo 25,000. Imepakwa kwenye bolti nzima, ndani ya bomba la bushi, na nyuma ya sahani. Usitumie grisi ya kawaida, maji yanaiosha. Sahani zimewekwa katikati ya alama, gari likashushwa, likasukumwa mbele na nyuma litulie, ndipo bushi zote zikakazwa.

Mashine ya alaimenti ile ile, bila malipo kama alivyoahidi. Kasta kulia 2.1, kushoto 2.3. Kemba karibu na sifuri pande zote. Kasta iko chini kidogo ya gari ambalo halijainuliwa, na kushoto hakuna nafasi zaidi ya kurekebisha. Lakini usukani unarudi wenyewe baada ya kona na gari linakwenda mbele ukiachia mikono.

Bolti zilizogoma peke yake, ukijumlisha diski, bolti, bushi na presi, zimenila 604,000 ambazo hazikuwa kwenye hesabu yangu.

Jumamosi, 19 Oktoba. Kuegemea, na taa

Ile milimita 10 ya kulia mbele. Usukani, betri na dereva havigawanyiki sawa kwenye gari lolote. Fundi wa kukereza vyuma amenitengenezea spesa ya alumini ya milimita 5, 15,000, inakaa kati ya sahani ya juu ya shokapu na bodi. Kwa nini 5 na si 10? Shokapu haishiki mwisho wa mkono, inashika karibu na katikati, kwa hiyo kinachoongezwa juu kinaonekana karibu mara mbili kwenye gurudumu. Nimepata 9. Hakikisha nati za juu bado zinashika meno yote, spesa nene inakula urefu wa bolti.

Taa nimerekebisha usiku ukutani. Gari mita 5 kutoka ukutani, mwanga wa chini ukatwe sentimita 5 chini ya urefu wa taa yenyewe. Ukisahau hili, kila dereva anayetoka Horohoro atakutukana kwa taa zake.

Hesabu hadi leo: 3,979,000. Kazi ya mikono uani haimo, wala chai na mihogo ya mpwa wangu.

Jumamosi, 9 Novemba. Amani

Vuli imeshika. Muheza hadi Sigi njia ilikuwa utelezi, kisha ule mpando wenye mawe na mifereji iliyochimbwa na maji. Mahali pawili ambapo ngazi ya pembeni ilikuwa ikigonga kila safari, haikugonga. Difu ya nyuma iligusa jiwe palepale ilipozoea kugusa. Kurudi na magunia manne, nyuma ilishuka milimita 38 tu na taa zilibaki barabarani. Kwenye lami kati ya Muheza na Pongwe gari linalala zaidi kidogo kwenye kona kuliko zamani, mke wangu alikuwa wa kwanza kuligundua.

Nimekagua baada ya kurudi. Nati tatu za juu za shokapu ya kushoto zilikubali kukazwa kidogo, za kulia hapana. Bolti za mikono ya chini hazijahama kwenye alama. Raba ya ndani ya sivijointi ya kushoto ina mikunjo miwili inayosuguana gari likiwa limenyooka, na pale panang'aa. Nimelegeza kibano chake, nikaivuta itulie, nikafunga upya. Haivuji. Naiangalia kila nikibadilisha oili.

Kelele moja imebaki, "ko" kavu mbele kulia nikipita tuta kwa gurudumu moja. Si boli jointi, nimeisukuma kwa nondo haina mchezo. Nimefungua linki ya stabilaiza ya kulia, nikaendesha bila hiyo hadi Mabokweni na kurudi, kelele haikuwepo. Linki mpya zimeagizwa, ndefu kwa sentimita mbili.